Goti la mama na viti sita vya mbele

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mama yetu ana miaka 71 na goti lake la kushoto limechoka kabisa. Anatembea kwa mkongojo, na akipanda ngazi tatu tu lazima apumzike. Amepewa rufaa ya kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, kliniki yake ni baada ya wiki tatu, na ameshaambiwa huenda akabadilishiwa goti. Basi haliwezi, na treni tunaiogopa kwa sababu mguu humvimba akikaa muda mrefu. Tumekubaliana apande ndege. Tuliponasa ni kwenye daraja.

Kaka yetu mkubwa yuko Mwanza. Yeye anashikilia kwamba mama akatiwe daraja la biashara, kwenda na kurudi. Anasema mama hajawahi kupanda ndege maishani, ametusomesha wote wanne kwa kuuza dagaa, hatuwezi kumbana nyuma huko na goti lile. Dada yetu wa Mbagala, ambaye ndiye atakayempokea, anasema safari yenyewe ni kama saa mbili, na hiyo ni kutupa pesa.

Wakala ametuambia hivi: daraja la kawaida ni shilingi 365,000 kwenda tu, mzigo kilo 23. Daraja la biashara ni 610,000, mzigo kilo 30. Kila kilo ya ziada ni 4,000. Ndege ni ya pangaboi. Mama hataki kwenda mikono mitupu, amesema atabeba dagaa kilo 15 na mawese lita 10 kwa ajili ya dada. Nguo zake nimepima, ni kilo 11. Tumechanga 1,400,000 kwa safari zote mbili, na kaka anataka jibu wiki hii.

Mimi ndiye ninayekaa na mama. Naomba uniambie ukweli, mama apande wapi?

Mtoto wa tatu, Mwanga


JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole nyingi, na kaka yako mwambie nimemwelewa. Anayetaka mama yake asiumie hajakosea lolote. Tatizo ni kwamba kwenye ndege hii, sehemu kubwa ya maumivu anayoyaogopa haiko kwenye kiti.

Anza kuitazama ndege yenyewe. Pangaboi inayojulikana zaidi kwenye njia ya Kigoma ni Dash 8-400, ambayo wengi wanaiita Q400. Zile za Air Tanzania zina viti 76: sita vya mbele ni vya biashara, 70 vilivyobaki ni vya kawaida. Viti vya kawaida vimepangwa viwili kushoto na viwili kulia, njia ikipita katikati. Kwa hiyo hakuna kiti cha katikati ambapo mama angebanwa na watu wawili wasiomjua. Ndege hii husimama uwanjani na watu huiendea kwa miguu, kisha hupanda ngazi za mlangoni. Abiria wa kiti cha kwanza na wa kiti cha mwisho wote hupita kwenye ngazi.

Sasa ile 245,000 ya tofauti inanunua nini? Inanunua kiti kipana zaidi na nafasi zaidi ya magoti. Inanunua foleni fupi kaunta, kilo saba za ziada, na mara nyingi tiketi ambayo ukiibadilisha tarehe hawakukati pesa nyingi. Hayo ni ya kweli na yana thamani. Lakini hainunui ngazi nyingine wala haipunguzi umbali wa kutembea uwanjani. Hata lile la kushuka kwanza, ambalo watu wa mbele hulifurahia, mama hatalipata: abiria anayesaidiwa kwa kiti cha magurudumu kwa kawaida huingizwa kabla ya wote na kuteremshwa baada ya wote, awe amelipa daraja lolote.

Ushauri wangu ni huu: wakati wa kwenda, kateni tiketi mbili za daraja la kawaida, ya mama na ya kwako. Jumla ni 730,000. Ukilinganisha na tiketi moja ya biashara, mnaongeza 120,000 tu, na kwa pesa hiyo mama anapata mtu wake ubavuni kuanzia Kigoma mpaka mlangoni kwa dada. Mtu wa miaka 71 anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, mwenye mkongojo, akitaka kwenda msalani katikati ya safari, anahitaji mkono wa kushika. Mhudumu atasaidia, ndiyo, lakini mhudumu ana abiria wengine. Na siku ya kliniki, MOI itahitaji mtu wa kukaa foleni ya faili huku mama amekaa kwenye benchi.

Upande wa mzigo, hesabu inaangukia hapohapo. Nguo kilo 11, dagaa 15. Mawese ni mepesi kuliko maji, lita moja haifiki kilo, kwa hiyo lita 10 ni kama kilo tisa, na ukiongeza madumu na vifungashio fanya kumi na nusu. Jumla ni kilo 36 na nusu. Mama akipanda peke yake daraja la kawaida, amezidisha 13 na nusu. Wakihesabu 14 mtalipa 56,000. Akipanda biashara bado amezidisha sita na nusu, mtalipa kama 28,000. Kwa hiyo daraja la biashara linawaokolea 28,000 tu kwenye mzigo. Mkiwa wawili kwenye daraja la kawaida mna kilo 46. Nguo zako zisizidi kilo saba, mtafika 43 na nusu na hamtalipa chochote. Sharti lake ni kwamba tiketi zenu ziwe kwenye namba moja ya nafasi na mfike kaunta pamoja. Mkikatiwa kila mtu kivyake, mpimaji ana haki ya kumhesabu kila mmoja peke yake. Mwulize wakala mapema kama shirika hilo linajumlisha kilo, na angalia tiketi imeandikwaje: 23K maana yake ni kilo 23 kwa jumla, 1PC maana yake ni begi moja, na hapo idadi ya mabegi nayo inahesabiwa. Furushi lolote lisizidi kilo 32, maana wapakiaji hawaruhusiwi kunyanyua zaidi ya hapo.

Nikija kwenye kiti, hapa ndipo nataka usome taratibu, kwa sababu wakala hatakwambia. Kwenye ndege nyingi za mkao huu herufi za viti ni A na C kushoto, D na F kulia. A na F ni dirishani, C na D ni kwenye njia. Ukiwa umekaa ukitazama mbele upande wa kulia wa ndege, njia iko mkono wako wa kushoto. Goti la mama ni la kushoto. Basi mama akae D, wewe F. Hapo mguu wake mbovu uko upande wa njia, anaweza kuunyoosha kidogo ndege ikishatulia angani, na kuurudisha kigari cha vinywaji kinapopita. Angekaa C, mguu wa njiani ungekuwa ule mzima, na ule mbovu ungebanwa kati yake na wewe. Mwenye goti la kulia hugeuza: yeye ndiye wa C.

Safu ya kwanza kabisa ya daraja la kawaida, ile inayotazama ukuta, watu huigombania wakidhani ina nafasi. Kwa goti lisilokunja vizuri haifai: mbele kuna ukuta, mguu hauna pa kuingia chini ya kiti cha mbele, na mkono wa kiti mara nyingi haunyanyuki kwa sababu meza imefichwa ndani yake. Mkono wa kiti usionyanyuka unamlazimu mgonjwa ajiinue kabisa ndipo akae, badala ya kuteleza kwa makalio kutoka pembeni. Viti vya biashara navyo vingi viko hivyo. Ombeni safu ya pili au ya tatu. Katika viti vingi vya kawaida, mkono wa upande wa njia unanyanyuka, ila kuna kitufe kimefichwa chini yake karibu na bawaba. Mwombe mhudumu akifungue kabla mama hajakaa. Na msikubali kuuziwa kiti cha mlango wa dharura kwa sababu kina nafasi. Mwenye mkongojo haruhusiwi kukaa pale, mtahamishwa mkiwa mmeshatulia.

Jambo moja la safu za mbele: mapangaboi yako karibu, na kelele na mtetemo huwa mkubwa zaidi kwa walio sambamba nayo. Nyuma zaidi pana nafuu ya sikio. Kwa mama ningechagua hatua chache za kutembea kuliko utulivu. Mbebee pamba safi ya masikio, na mwambie mapema kwamba ule mngurumo ni wa kawaida, asije akashika kiti kwa hofu njia nzima.

Turudi kwenye ngazi, maana pale ndipo goti litaamua. Ukizungumza na wakala au ofisi ya shirika, omba msaada wa kiti cha magurudumu angalau saa 48 kabla ya safari, na usiridhike na "tumeandika". Kuna aina tatu, na kila moja ina herufi zake kwenye nafasi yenu. WCHR ni ya anayeweza kupanda ngazi mwenyewe ila hawezi mwendo mrefu. WCHS ni ya asiyeweza ngazi lakini anajikongoja hatua chache mpaka kwenye kiti. WCHC ni ya asiyeweza hata hatua moja. Familia nyingi huona haya, husema "anatembea kidogo tu", wakala anaandika WCHR, na siku ya safari mzee anasukumwa vizuri mpaka chini ya ngazi, halafu anaachwa hapo kwa sababu karatasi inasema anaziweza. Mama anayepumzika kila baada ya ngazi tatu ni WCHS. Mwambie wakala aandike hivyo, kisha piga simu ofisi ya Kigoma uulize wanampandishaje mtu wa WCHS: wana kiti cha kubebea, wana njia ya mteremko, au wanatumia watu wawili wa kushika? Uliza hivyohivyo kwa upande wa Dar es Salaam. Swali hilo peke yake huwafanya wajiandae.

Ikitokea mama mwenyewe akataka kupanda kwa miguu, mfundishe hili nyumbani wiki hizi tatu: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mbovu hutangulia. Mkongojo unakwenda pamoja na mguu mbovu. Wewe kaa nyuma yake, ngazi moja chini, anapopanda, na mbele yake, ngazi moja chini, anaposhuka. Ngazi za mlangoni hapo ni chache lakini zimesimama, na watu wa nyuma wakianza kusukumana mtu husahau mguu upi uanze. Ndiyo maana mpande kabla ya wote.

Uliza pia kama ndege ya siku hiyo inakwenda moja kwa moja au inapitia Tabora. Ikipitia Tabora, kuna kutua na kuruka mara mbili, na wanaoendelea mara nyingi hubaki vitini wakati wengine wanapanda na kushuka. Kwa mguu unaovimba hiyo ni tofauti kubwa. Siku nyingine ikiwa na ndege ya moja kwa moja kwa bei ileile, badilisheni siku. Akiwa kitini, kila nusu saa achezeshe nyayo juu na chini mara 20, na anywe maji. Wengi wa rika lake hukataa maji ili wasiende msalani, mwambie utamsindikiza.

Mawese na dagaa vinahitaji heshima yake. Piga simu kwanza uulize kama shirika linapokea mafuta kwenye mzigo, kwa sababu mengine yanakataa kabisa, na kusikia hivyo kaunta asubuhi ya safari ni kuacha dumu kwa mtu usiyemjua. Yakikubaliwa, tumia madumu mawili ya lita tano, usitumie moja la kumi. Usijaze mpaka shingoni, na kabla ya kufunga kifuniko bana ubavu wa dumu kidogo ubonyee. Angani mgandamizo wa hewa hupungua hata kule kwenye sehemu ya mizigo, hewa iliyo ndani ya dumu hutanuka, na isipopata nafasi husukuma mafuta yatoke kwenye kifuniko. Zungushia nailoni kwenye kifuniko, tia kila dumu kwenye mfuko wake, kisha yote kwenye ndoo ngumu yenye kifuniko. Mawese yakimwagikia begi la abiria mwingine, doa lile halitoki. Dagaa wawe wamekauka kweli, wakivunjwa walie. Wafungwe nailoni mbili ndipo waingie kwenye boksi. Harufu ikivuja, boksi linarudishwa. Na kama shirika limekataa mawese, basi mawese yaende kwa treni au basi na mama aende kwa ndege, dada atayapokea siku zinazofuata.

Vitu hivi visiingie kabisa kwenye mzigo wa kukabidhi kaunta: barua ya rufaa, picha za eksirei, dawa za mama na kitambulisho chake. Ndege hupimwa uzito kabla ya kuruka. Ziwa Tanganyika lenyewe, pale Kigoma, liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora iko karibu mita 1,200. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar, na jua likiwa kali huwa nyepesi zaidi, hivyo ndege haiwezi kuruka na uzito uleule. Ikibidi kupunguza, mizigo hubaki kabla ya watu, na begi hufuata kwa ndege nyingine. Nguo zikichelewa siku moja si kitu. Picha ya goti ikichelewa, kliniki imepotea. Begi la mkononi liwe dogo na laini, kwa sababu sehemu ya juu ya viti kwenye pangaboi ni finyu. Begi la magurudumu la kawaida huchukuliwa ngazini na kuwekwa kwenye sehemu ya mizigo.

Kwenye kukata tiketi, jina la mama liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi, si lile analoitwa mtaani. Ukishalipa, tafuta mambo mawili kwenye karatasi: namba ya nafasi yenye herufi na tarakimu, jumla yake sita, na namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Ukiona ile ya sita peke yake, mmeshikiwa nafasi tu, tiketi haijatoka, na inaweza kufutwa bila kuambiwa. Mwulize wakala maswali matatu na akuandikie majibu: kubadili tarehe ni kiasi gani, tusipotokea tunapoteza nini, tukiahirisha kabisa tunarudishiwa kiasi gani? Ndani ya daraja hilohilo la kawaida kuna bei kadhaa, na ya chini kabisa ndiyo yenye masharti magumu kuliko zote. Hizo za chini huisha kwanza. Ndiyo sababu nakuhimiza ukate ya kwenda sasa, wiki tatu kabla, na fikeni Dar angalau siku mbili kabla ya kliniki. Ndege ikiahirishwa siku moja bado mko salama.

Ya kurudi msikate. Hapa ndipo natofautiana na kaka yako kabisa. Hakuna anayejua leo mama atatoka lini hospitali, au hata kama atapasuliwa safari hii. Tiketi ya kurudi yenye tarehe ya kubahatisha huishia kubadilishwa mara mbili, na kila badiliko lina gharama, pamoja na tofauti ya nauli ya siku hiyo. Baada ya 730,000 mnabaki na 670,000. Iwekeni.

Akishapasuliwa, swali la daraja linafunguka upya, na atakayelijibu ni daktari pamoja na mtu wa mazoezi ya viungo. Waulizeni goti linakunja nyuzi ngapi. Ili mtu akae sawasawa kwenye kiti cha kawaida, na kiti kisimame wima wakati wa kuruka na kutua, anahitaji karibu nyuzi 90. Likifika hapo, mrudi wawili daraja la kawaida kama mlivyokwenda. Itakuwa 730,000 kwa bei za leo, mtapungukiwa 60,000, na hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kaka kuonyesha mkono wake. Kumbuka kwamba goti la kupasuliwa ni lilelile la kushoto, kwa hiyo D inabaki kuwa ya mama.

Lisipofika, wengi hukimbilia daraja la biashara. Linasaidia, sikatai, na 670,000 inalitosha kwa mama peke yake. Lakini mama aliyetoka kupasuliwa akipanda peke yake mbele, nani atamshika? Mimi ningemwacha Mbagala siku kumi au wiki mbili zaidi afanye mazoezi. Kila siku ya mazoezi goti huongeza kukunja, na kuna jambo zito kuliko nafasi ya miguu: baada ya upasuaji wa goti damu huweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, na kukaa bila kusogea huongeza hatari hiyo. Daktari ndiye wa kusema ni baada ya siku ngapi anaruhusiwa kuruka, na kama atahitaji dawa ya kuzuia damu isigande. Msikisie, na msikate tiketi kabla hajasema. Aandike barua yenye tarehe ya upasuaji, aina yake, kwamba anaweza kukaa wima, na msaada anaouhitaji. Shirika linaweza kuidai, na itawasaidia kwenye mashine ya ukaguzi, maana goti la chuma hulia. Mkongojo haulipiwi, ila mhudumu ataushika wakati wa kuruka na kutua.

Kuna hali moja ambapo ningekuambia bila kusita lipa biashara: siku ya kurudi mkikuta viti vya kawaida vya bei ya chini vimeisha, na vilivyobaki vimepanda mpaka tofauti kati ya madaraja ni ndogo, tuseme elfu sitini au sabini. Hapo kiti kipana, kilo za ziada na masharti laini vinafikia thamani yake. Mkinunua, tunzeni pasi ya kupandia. Ndege ikibadilishwa dakika za mwisho ikaja isiyo na viti vya mbele, tofauti ya nauli ni haki yenu, na pasi hiyo ndiyo ushahidi wenu.

Na kwa kuwa wasomaji wa Tabora wataniuliza: asali ni kinyume cha mawese, yenyewe ni nzito kuliko maji. Ndoo ya lita 20 ina karibu kilo 28, imeshapita kilo 23 kabla hujaweka hata kanga. Igawanyeni ndoo mbili za lita kumi, kila moja kama kilo 14, kwa abiria wawili.

Mwanangu, kazi ya wiki hii ni hii. Leo piga simu uulize ndege ya moja kwa moja ni siku zipi. Kesho kata tiketi mbili kwenye nafasi moja, chagua D na F safu ya pili au ya tatu, waandike WCHS. Siku mbili kabla ya safari piga tena uthibitishe msaada wa kiti, Kigoma na Dar. Usiku wa kuamkia safari pima kila furushi kwenye mizani ya duka la jirani, lile la mama kwanza. Kina mama wa Kigoma wana tabia ya kuongeza dagaa baada ya mzigo kufungwa.